FOMU ISIWE MTEGO

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nauliza: hizi fomu za mtandaoni hutengenezewa nani?

Likizo iliyopita nilimpeleka nyanya saiba, hapa Isinya kando ya barabara ya Namanga, tujaze fomu ya basari yangu. Ilikuwa siku ya mwisho. Fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kwa hivyo nikawa mkalimani. Tukaulizwa jina la barabara na nambari ya nyumba. Nyanya akacheka, "Mjukuu wangu, boma letu lina nambari gani?" Tukaacha wazi, fomu ikakataa. Jina langu lenye "ole" pia likakataliwa, ati halifai kuwa na nafasi katikati! Juu kabisa paliandikwa kwamba kuna kosa, lakini kosa liko wapi? Kufumba na kufumbua, muda ukaisha na yote tuliyoandika yakafutika. Muhula huu nilifika shuleni wiki mbili baada yenu, kwa maana ilibidi kondoo wauzwe kwanza.

Wapo watakaosema nyanya akasome kompyuta. Sikatai, elimu haina mwisho. Lakini nyanya huyo huyo hutuma pesa kwa M-Pesa bila kusaidiwa na mtu. Tangu ianze mwaka wa 2007, M-Pesa huuliza jambo moja moja: nambari ya simu, kiasi cha pesa, nambari ya siri. Siku hizi huonyesha hata jina la mpokeaji, ili aliyekosea aweze kusitisha. Basi mwenye kasoro si nyanya, ni fomu.

Jambo hili si dogo. Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa katika eCitizen. Nia ni njema, kwani huokoa nauli ya kwenda Kajiado au Nairobi. Lakini fomu ikiwa ngumu, mlango umefungwa na hakuna hata karani wa kubembeleza.

Maoni yangu ni haya. Fomu iulize linalohitajika tu. Mfano wa jibu uwekwe kando ya swali. Kosa lionyeshwe pale pale lilipo, na yaliyokwisha andikwa yahifadhiwe. Kiswahili kiwepo, maana Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tena kabla ya kuitoa, mwenye fomu aketi kimya amtazame mtu kama nyanya akiijaza.

Nasi tusinyoshee wengine kidole tu. Fomu ya kujiunga na chama chetu inauliza kazi ya baba. Ya nini, jamani? Wapo wenzetu wasio na baba, na nafasi hiyo huwauma. Mwaka ujao tuifute. Mabadiliko na yaanzie hapa kwetu.