Wanafunzi wetu wasiwe wageni mjini mwao

Nimefundisha historia katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nilijihadaa kwamba wanafunzi wangu wanaijua Mombasa kwa sababu wamezaliwa humo. Dhana hiyo iliniponyoka siku moja mbele ya lango la Ngome ya Yesu. Msichana wa kidato cha pili, mwerevu na si mwoga hata kidogo darasani, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani na sisi twaruhusiwa kuingia?"

Naomba msomaji alipime swali hilo vizuri. Mtoto huyu hakutoka Turkana wala Moyale. Kutoka kwao hadi mjini ni safari ya matatu moja: Kengeleni, Daraja la Nyali, Buxton, Marikiti. Jengo lililokuwa mbele yake limo katika vitabu vyake tangu shule ya msingi. Hata hivyo alikuwa ameshasadiki, bila ya kuambiwa na yeyote, kwamba ni mahali pa watalii wenye kamera na waongozaji wanaojua Kijerumani. Nilipowauliza wenzake, zaidi ya nusu ya darasa hawakuwa wamewahi kukanyaga Mji wa Kale ila kupita pembeni wakielekea sokoni.

Makosa si yao. Sisi walimu ndio tuliowazoesha kudhani kwamba ziara ya masomo ni basi kubwa, soda na mwendo wa kukimbizana. Katika shule moja nilikofundisha zamani tuliwahi kupeleka zaidi ya wanafunzi mia mbili ngomeni kwa mkupuo mmoja. Tukakaa chini ya saa moja. Wakapigwa picha wamekalia mizinga, wakahesabiwa kama mifugo, wakapakiwa tena basini kuelekea ufuoni, ambako kusema kweli ndiko walikokuwa na hamu ya kufika. Kesho yake niliwatungia insha juu ya ziara ile. Wengi waliandika habari za chipsi. Sikuwa na haki ya kuwalaumu, maana sikuwa nimewafundisha kutazama.

Kutazama jengo hufundishwa, kama vile kusoma kunavyofundishwa. Chukua nyumba ya kawaida ya Mji wa Kale, isiyo na jina wala kibao. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Sasa mwambie mwanafunzi apime upana wa chumba kwa hatua zake, kisha mwulize kwa nini vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, karibu mita tatu tu. Mwache ahangaike. Atainua macho juu na jibu ataliona mwenyewe: boriti ya mkoko ina urefu wake, na zaidi ya hapo haiwezi kubeba uzito wa sakafu. Mti wa ufuoni ndio uliokuwa fundi mkuu wa nyumba. Toka naye nje umwonyeshe baraza, pale ambapo mwenye nyumba na mpita njia hukutana bila ya mgeni kuingia ndani na kuivunja faragha ya wenyewe. Mwonyeshe kwamba kichochoro ni chembamba ili ukuta wa huku umpe kivuli jirani wa kule. Katika nusu saa ya namna hiyo mtoto hupata jiografia, hesabu, dini na adabu, wala hakuna aliyemtaka akariri chochote.

Na ngome pia isomwe hivyo. Sote tunajua, au tunajifanya tunajua, kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Na kwamba Waomani waliizingira tangu mwaka 1696 hadi ilipoanguka mwishoni mwa mwaka 1698. Waongozaji huyasimulia hayo kwa ufasaha. Jambo ambalo husemwa kwa haraka, kama kwamba linaona haya, ni kuwa tangu mwaka 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni. Kwa zaidi ya miaka sitini watu wa pwani hii waliingia lango lile wakiwa wafungwa. Huenda swali la yule msichana, kama twaruhusiwa kuingia, lina mizizi mirefu kuliko alivyodhani mwenyewe: babu zake waliruhusiwa kuingia, ila hawakuruhusiwa kutoka.

Humo humo kuna michoro ya askari wa Kireno waliokuwa zamu. Walichora ukutani watu, meli na samaki kwa makaa na udongo mwekundu. Wavulana wangu walisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mmoja akacheka akasema, kumbe hata wao walikuwa wakichora kuta! Kicheko hicho kilinifurahisha zaidi ya insha kumi.

Hata hivyo, mintarafu ya shule zetu za Kisauni na Nyali, shauri langu ni kwamba ziara isianzie ngomeni. Ianzie nyumbani kabla ya kulivuka daraja. Kila siku maelfu ya watu hupaza sauti "Kengeleni, shukisha!" bila ya kujiuliza ni kengele ipi. Iko pale pale njia panda, imening'inizwa juu ya nguzo zake, magari yakiizunguka na wachuuzi wakiiegemea. Ni kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana kuanzia mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, baada ya Sultani Barghash wa Unguja kutia saini mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Jina la kijiji lilitokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika mazungumzo hayo. Wazee husimulia kwamba kengele ililia kuwatahadharisha watu pale wateka watumwa walipokaribia.

Miongoni mwa watumwa walioachiwa huru na kuletwa kufanya kazi katika misheni za eneo hili alikuwamo William Jones, aliyesomeshwa Nasik, India, akatumikia Rabai na kupata daraja la ushemasi. Mwaka 1885 alifuatana na Askofu James Hannington katika safari ya kwenda Uganda. Hannington alitangulia akauawa Busoga. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara katika nchi inayoitwa Mumias leo, ndiye aliyewarejesha waliosalia hadi Rabai mapema mwaka 1886. Sasa vuka daraja uende katika barabara ya Nkrumah. Hapo limesimama kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa kati ya mwaka 1903 na 1905 kwa kumkumbuka Hannington na maaskofu wenzake. Kuba lake na matao yake humfanya mgeni adhani ni msikiti, kwa kuwa msanifu wake John Sinclair, aliyesanifu pia majengo kadhaa ya serikali mjini Unguja, aliamua kujenga kwa lugha ya pwani. Askofu aliyekufa amepewa kanisa zima, ilhali mtumwa wa zamani aliyewarudisha walio hai hatajwi na wengi. Mwanafunzi aliyeanzia Kengeleni ataligundua hilo mwenyewe. Aliyeshushwa na basi mbele ya kanisa ataona kuba tu.

Nimewahi kupingwa juu ya jambo hili, na wanaonipinga si wajinga. Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia: "Ndugu yangu, majengo hayo ni ya Wareno, Waarabu na Waingereza, nyumba kubwa za mjini zilijengwa kwa faida ya mashamba yaliyolimwa na watumwa. Wawafundisha watoto wa Kigiriama na Kikamba kusujudia nini?" Nakubali kila neno katika maelezo yake, nakataa hitimisho lake. Kutembelea si kusujudia. Mawe yale hayakujipanga yenyewe. Kuna waliochonga, waliobeba, waliochoma chokaa na waliokata boriti, na majina yao hayakuandikwa mlangoni. Tukikataa kuingia, tutakuwa tumewaachia wenye majina jengo zima pamoja na vijakazi wake.

Wengine huleta hoja ya gharama. Hii naielewa zaidi, kwa sababu najua wazazi wa Ziwa la Ng'ombe wanavyohangaika na karo. Lakini gharama kubwa ni basi na chakula, si jengo. Darasa moja likigawanywa katika makundi madogo, likapanda matatu ya kawaida asubuhi ya Jumamosi, litatumia nauli ya kwenda na kurudi tu. Na kuitazama kengele, nyumba za Ndia Kuu, milango ya nakshi, mnara wa msikiti wa Mandhry au kanisa kuu kutoka nje hakuhitaji tiketi. Tena wenyeji ni wakarimu. Mzee mmoja tuliyemkuta barazani alituita, "Karibuni, wajukuu zangu, msisimame juani," kisha akatusimulia habari za ukuta wake kwa muda wa saa nzima.

Habari zenyewe zilikuwa za huzuni. Ukuta ulipasuka, fundi akaupaka saruji kwa sababu saruji hupatikana dukani, na chokaa imekuwa adimu na ghali. Saruji ikaufungia unyevu ndani ya matumbawe. Baada ya masika kadhaa plasta ikaporomoka na kipande cha ukuta pamoja nayo. Mji wa Kale uliwekwa chini ya hifadhi rasmi mwaka 1990, ngome ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2011, na Sheria ya Makavazi na Turathi ipo tangu mwaka 2006. Lakini sheria haijui kuchanganya chokaa. Mwenye nyumba huambiwa asibomoe, asibadilishe, asiongeze ghorofa. Ni nadra kuambiwa apate wapi fundi na fedha. Matokeo yake tunayaona: nyumba huachwa ianguke yenyewe, kisha uwanja mtupu hutafutiwa kibali cha kujenga. Ningependa kuona vyuo vyetu vya ufundi vya hapa Mombasa vikifundisha ujenzi wa chokaa na matumbawe kama vinavyofundisha uashi wa matofali. Miongoni mwa watoto wale waliosimama barazani wamo watakaokuwa mafundi. Mmoja alimwuliza mzee chokaa huchomwa kwa siku ngapi, na aliyaandika majibu yote daftarini.

Yule msichana wa swali la langoni alinirudia wiki ya pili yake na swali jingine, safari hii bila ya kunong'ona. Alitaka kujua ni ng'ombe wa nani waliokuwa wakinywa katika ziwa la mtaa wetu, na lilikuwa upande gani. Sikuwa na jibu. Nikamwagiza, yeye na wenzake watatu, wawaulize wazee wa mtaa, nami nikawaahidi kwamba Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao tutakutana chini ya kengele saa moja na nusu asubuhi, kila mtu na daftari lake na nauli yake, waje kuniambia walichosikia kabla hatujavuka daraja.