Pusipusi ya kulalia njiani



Masika yameisha, barabara zinakauka. Vikundi vingi vya Wamaza vinatayarisha mchele, karanga na mawese ya kupeleka Kasongo. Kwa miguu, safari hiyo ni ya kulala njiani, na usiku wa kiangazi una baridi kuliko mtu anavyofikiri mchana. Kwa hiyo tunaulizwa: tukichanga pesa, tutengeneze pusipusi ya namna gani, ibebe mzigo na usiku ilalishe mama mwenye mtoto?

Ulaya watu wanavuta kijumba cha kulala nyuma ya motokari, wanakiita karavani. Sisi tunasukuma kwa mikono, na kila kilo tunailipa kilimani. Wengine wanataka sanduku la mabati lenye mlango, sababu ya wezi. Tunawaelewa, lakini hatulipendi. Usiku bati linapoa upesi, pumzi ya waliolala inageuka maji na kudondokea blanketi. Mtoto aliyelowa anasikia baridi zaidi.

Tunashauri pusipusi ya mbao yenye magurudumu mawili ya pikipiki, fito zilizopindwa na bashi juu. Kwa urefu, mpimeni mama mrefu kuliko wote katika kikundi. Bashi la meta 4 kwa 5, kama yale wanayopewa wakimbizi, linatosha kufunika na kushuka pande zote. Mbele na nyuma, kule juu, acheni wazi upana wa kiganja. Baridi kali inatoka chini, maana hewa inapita chini ya mbao: tandikeni magunia matupu au majani makavu, kisha mkeka, kabla ya kutafuta blanketi la pili. Na chandarua, bila shaka.

Mbabula isiingie kamwe chini ya bashi, hata makala yakiwa mekundu bila moshi, hata yakifunikwa na majivu. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unamzidi mtu, haamki tena. Chemsheni maji nje, yatieni katika chupa inayofunga vizuri, izungusheni kitambaa, ikae miguuni pa mama. Mtoto mchanga alale ngozi kwa ngozi kifuani pa mama yake, kofia kichwani.

Kabla ya kumaliza kumlipa fundi, mama mmoja alale ndani usiku mzima hapa nyumbani. Asubuhi aguse bashi kwa ndani. Likitiririka maji, fundi aongeze nafasi ya hewa, ndipo apewe pesa iliyobaki.