UCHAMBUZI: Kabla ya kutia saini mkataba wa kinu cha nyuklia, tuulize kuhusu bwawa

MJADALA wa umeme wa nyuklia nchini umekuwa ukizunguka mambo mawili: mahali ambapo kinu kitajengwa na kiasi cha umeme kitakachotoa. Wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kuupinga mradi huo. Mwaka 2025 macho ya serikali yakaelekezwa Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria.

Lipo swali la tatu ambalo halijapewa uzito linaostahili. Fueli ikishatumika itawekwa wapi, na ni nani atakayeichunga kwa miongo itakayofuata?

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Marekani, ambayo iliupanda mchongoma huu zaidi ya nusu karne iliyopita, ingali inatafuta njia ya kushuka. Masaibu yake yanafaa kuwa darasa kwetu kabla hatujakwea tawi la kwanza.

Fueli ya nyuklia si mafuta ya kumiminwa. Ni vidonge vidogo vya urani vilivyotiwa ndani ya mirija mirefu ya metali, kisha mirija hiyo ikafungwa pamoja mithili ya tita la kuni. Baada ya kutumika kinuni kwa miaka kadhaa, tita hilo huondolewa likiwa na joto jingi na mionzi mikali. Hutumbukizwa katika bwawa la zege lenye kina cha takriban mita 12, na hukaa humo kwa miaka kadhaa likipoa kabla ya kuweza kuhamishiwa kwenye makasha makavu.

Maji ya bwawa hupoza fueli na kuwakinga wafanyakazi dhidi ya mionzi. Hata hivyo, maji hayohayo yana tabia nyingine ambayo aghalabu haitajwi. Hupunguza kasi ya nyutroni, na nyutroni iliyopunguzwa kasi hupasua kiini cha urani kwa wepesi zaidi. Matita yakisongamana majini bila kizuizi, mfululizo wa mipasuko unaweza kuanza upya ndani ya bwawa, mahali ambapo hapana mitambo ya kuudhibiti kama iliyomo kinuni.

Kizuizi chenyewe ni boroni. Takriban asilimia 20 ya boroni ya kawaida ni ya aina iitwayo boroni-10, ambayo humeza nyutroni kwa ulafi mkubwa. Kwa sababu hiyo, mabamba membamba yenye boroni huwekwa kwenye kuta za rafu zinazoshikilia fueli. Mabwawa ya aina fulani za vinu huongezewa boroni katika maji yenyewe, ilhali mengine hutumia maji matupu na kutegemea rafu pekee.

Mabamba haya hayakuwa na umuhimu mkubwa hapo awali. Mabwawa ya kwanza yalijengwa kwa matumaini kwamba fueli ingekaa humo kwa muda mfupi, kisha ipelekwe kuchakatwa upya. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter akasitisha mpango wa uchakataji wa kibiashara. Sheria iliyopitishwa 1982 ikaahidi kwamba serikali kuu ingeanza kuichukua fueli hiyo kufikia Januari 31, 1998.

Ahadi hiyo haijatimizwa hadi leo. Mlima Yucca katika jimbo la Nevada, uliochaguliwa 1987 kuwa kaburi la taka hizo, ulikumbwa na pingamizi za kisiasa, na serikali ya Rais Barack Obama ikausimamisha mradi huo. Kwa sasa Marekani ina takriban tani 90,000 za fueli iliyotumika, zilizotawanyika katika vituo vilivyoizalisha.

Kwa kukosa pa kuipeleka, wenye vituo waliamua kuibana. Rafu za zamani zilizoacha nafasi pana ziling'olewa, zikawekwa nyingine zinazokaribiana. Kilichokuwa kikilindwa na umbali kikaanza kulindwa na bamba.

Mabamba nayo yakaanza kuzeeka.

Mojawapo ya bidhaa zilizopendwa iliitwa Boraflex, aina ya mpira uliochanganywa na unga wenye boroni. Miale ya gama kutoka kwa fueli ilikausha mpira huo ukanywea na kupasuka. Mwaka 1987 mianya ilibainika katika mabamba ya kituo cha Quad Cities, Illinois. Baadaye ikadhihirika kwamba mpira uliodhoofishwa na mionzi huyeyuka polepole majini na kuondoka na boroni yake. Mwaka 1996 NRC, tume inayodhibiti nyuklia nchini humo, ililazimika kuvitaka vituo vyote vyenye Boraflex vieleze hali ya mabwawa yao.

Ingedhaniwa kwamba tatizo lilikuwa la bidhaa moja. La hasha! Mwaka 2008, katika kituo cha Palisades kwenye ufuo wa Ziwa Michigan, vipimo vilionyesha kwamba mabamba ya aina nyingine, Carborundum, yalikuwa na boroni pungufu ya ile iliyotumiwa katika hesabu za usalama. Kwingineko, mabamba ya Boral, yaliyotengenezwa kwa alumini, yaligunduliwa kuwa na malengelenge.

Uzito wa mambo haya unaonekana katika hesabu yenyewe. Kanuni za Marekani kwa jumla zinataka kila nyutroni 100 katika bwawa zisizalishe zaidi ya 95 katika mpasuko unaofuata. Zikifika 100, mfululizo wa mipasuko unaweza kujiendesha wenyewe. Akiba ya tano katika mia hukokotolewa kwa kuchukulia kwamba bamba lina kiasi fulani cha boroni. Boroni ikipungua pasi na mtu kujua, makaratasi yataendelea kuonyesha usalama ambao bwawa halina.

Haifai kuwatia wasomaji hofu isiyo na msingi. Hakuna bwawa la kituo cha kibiashara lililowahi kupatwa na ajali ya mfululizo wa mipasuko, na wahandisi hujiwekea tahadhari nyingi katika makadirio yao. Hoja ni kwamba tahadhari hizo zina thamani pale tu zinapopimwa mara kwa mara.

Upimaji wenyewe hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuning'iniza vipande vidogo vya bamba bwawani tangu siku ya kwanza, karibu na fueli, ili vizeeke pamoja na rafu. Kila baada ya muda kimoja hutolewa, kikapimwa uzito, unene na uwezo wake wa kumeza nyutroni. Ya pili, ambayo hutumika hasa pale ambapo vipande hivyo havipo, ni kuteremsha chanzo cha nyutroni upande mmoja wa bamba na kifaa cha kuzihesabu upande wa pili. Njia hii ni ghali, na usahihi wake ni mdogo kuliko ule wa maabara.

Aprili 2016 NRC iliviandikia tena vituo, safari hii ikiuliza kuhusu kila aina ya mabamba na jinsi yanavyofuatiliwa. Tafakari jambo hilo. Taifa lenye vinu vingi kuliko lolote duniani, miaka 20 baada ya onyo la kwanza, lilikuwa bado likikusanya maelezo ya msingi kuhusu yaliyomo katika mabwawa yake. Ikiwa hali ni hiyo kwa wenye uzoefu, sembuse sisi tunaoanza?

Mwongozo wa NRC kwa vituo vinavyoongezewa muda wa leseni unataka mabamba yasiyo ya Boraflex yapimwe angalau mara moja kila miaka 10. Nchini Kenya, miaka 10 ni mihula miwili ya rais. Kipande kitakachotumbukizwa na utawala mmoja kitatolewa na mwingine, huenda na wahandisi wengine na chini ya mawaziri wasiokumbuka kilichowekwa. Kinu kinaweza kuendeshwa kwa miaka 60, na bwawa haliwi tupu siku kinu kinapozimwa.

Wapo wanaosema kwamba taifa litakalotuuzia kinu litaichukua fueli yake. Hata makubaliano ya namna hiyo yakipatikana, fueli haiwezi kusafirishwa ikiwa moto. Italazimika kukaa Kilifi, Siaya au kwingineko kwa miaka kadhaa kwanza. Isitoshe, ahadi ya 1998 ilitolewa na serikali kwa kampuni za nchi yake yenyewe, tena kwa sheria, na bado ikavunjwa.

Kenya ina msingi wa kuanzia. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda KNRA, mamlaka ya kusimamia sekta hii, na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) walikuja kukagua maandalizi yetu mwaka 2015 na wakarejea 2021. Kinachohitajika ni kuipa mamlaka hiyo maabara, wataalamu na uhuru wa kumwambia mwendeshaji wa kinu kwamba bamba lake limechakaa na ni lazima atii.

Kwa hivyo, mkataba wa ujenzi utakapofika mbele ya Bunge, wabunge wasiishie kuuliza bei na idadi ya megawati. Waulize mabamba ni ya aina gani na yamewahi kutumika wapi, vipande vya majaribio ni vingapi na vitatosha miaka mingapi. Waulize matokeo yatachapishwa wapi ili mkazi wa ufuoni aweze kuyasoma, na ni hazina gani, iliyofungwa kisheria, itakayolipia upimaji huo baada ya kinu kukoma kuzalisha pesa. Mkataba usiokuwa na majibu hayo urudishwe kwa wizara.