Safari ya Kupita Tu Si Safari
Jumamosi tulitoka Likoni watu watano, gari ya kukodi, maji na krisps tushanunua mjini. Tukashika barabara ya Lunga Lunga mpaka Shimoni, jioni tukarudi. Nikawa na klipu kama hamsini hivi. Mamangu kuziangalia akaniuliza, "Na Gazi mulishuka?"

Hatukushuka. Tulipita hapo kwa spidi, muziki juu.

Wasee, tuambiane ukweli. Gazi kina mama wana njia yao ya mbao katikati ya mikoko, walipa kiingilio watembea juu yake. Hapo hapo kuna Mikoko Pamoja: tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na pesa ya hewa ya ukaa inasaidia maji na shule. Sisi twapita vioo vimefungwa, kisha twalia Pwani haina pesa. Itatoka wapi, kama hata sisi wenyeji hatushuki?

Safari ijayo sibebi krisps. Madafu nitanunua Tiwi, samaki nitakula Gazi, na kiingilio nitalipa. Klipu zikiwa tano, basi ziwe tano.