MAUAJI YA ALBINO: MAITI TUNAZIHESABU, NGAZI YA KUFIKIA MAITI HATUIANDIKI

Leo nina jambo ambalo kila likitokea tunalia wiki mbili, halafu tunarudi kwenye mpira na siasa. Nazungumzia ndugu zetu wenye ualbino, na hasa nazungumzia makaratasi. Najua makaratasi hayana mvuto, lakini nivumilieni.

Wenzetu wa nje wana kitu wanakiita uhalifu wa chuki. Maana yake si ngumu. Mtu kapigwa, katekwa au kauawa, si kwa sababu ya alichofanya bali kwa sababu ya alivyo: rangi yake, dini yake, kabila lake, ulemavu wake. Marekani ilitunga sheria ya kukusanya takwimu za makosa hayo mwaka 1990. Uingereza walijifunza kwa uchungu. Kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa London mwaka 1993 na polisi wakaboronga upelelezi. Ripoti ya Jaji Macpherson ya mwaka 1999 ikasema tukio lolote liandikwe kuwa la kibaguzi iwapo aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, anaona ni la kibaguzi. Yaani askari habishani na mlalamikaji pale kaunta. Anaandika kwanza, upelelezi unafuata. Jirani zetu Kenya nao, baada ya damu ya 2007/08, walitunga sheria mwaka 2008 iliyofanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa, wakaunda na tume ya kuyashughulikia.

Sisi je? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kuua, kujeruhi, kuteka, kutishia. Kosa linaloitwa uhalifu wa chuki halimo.

Kuna mtu atasema, "Sasa albino wanauawa kwa chuki? Si ni tamaa ya hela tu?" Hoja hii naisikia sana vijiweni. Ni kweli mnunuzi anataka utajiri, au madini, au kura, na mganga wake kamdanganya kwamba kiungo cha binadamu kitampa. Lakini hebu jiulize: kwa nini muuaji alipita nyumba kumi akaingia ile ya kumi na moja? Aliingia kwa sababu ya ngozi ya mtu aliyelala mle ndani. Aliyemchagua hakumchukia kama unavyomchukia mtu aliyekudhulumu. Alishamtoa kabisa kwenye orodha ya binadamu. Kwangu mimi hiyo ni mbaya kuliko chuki.

Na hapo ndipo makaratasi yanapoingia. Mauaji yakitokea yanaandikwa, na magazeti yanakuja. Lakini mauaji yana ngazi. Kwanza mtoto anapita sokoni anaitwa "dili". Kisha watu wasiojulikana wanauliza kwao anaishi wapi. Kisha kaburi la ndugu mwenye ualbino linakutwa limefukuliwa. Kisha mlango unasukumwa usiku, majirani wanapiga yowe, jamaa wanakimbia. Halafu ndiyo siku ya panga.

Sasa fuatilia ngazi hiyo kituoni. Ile "dili" ni lugha ya matusi, kama itafika kituoni, na mara nyingi haifiki. Kaburi ni kosa lake. Mlango ni jaribio la kuvunja nyumba. Mtoto asipoonekana, ni mtoto kapotea. Panga ni kujeruhi. Makosa matano, vichwa vitano tofauti, na kile kinachoyaunganisha yote, yaani SABABU, kimedondoka njiani. Ukipewa namba ya RB unaondoka na namba tu. Hakuna anayeweza kufungua jedwali aseme: kata hii miezi mitatu iliyopita walifukua kaburi, wakaja kuulizia mtoto, sasa mlango umesukumwa, jamani tuweke ulinzi.

Huku kwetu tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu ya ramani. Kamsamba tuko pembezoni mwa Mto Momba. Ukivuka daraja uko Kilyamatundu, Mkoa wa Rukwa, bonde lile lile, soko lile lile, ndoa zile zile. Ukipanda juu unafika Tunduma, na ng'ambo ni Zambia. Februari 2013 huko Milepa, upande wa Rukwa, mtoto wa kiume mwenye ualbino alikatwa mkono akitoka shule. Machi 2015 huko Kipeta, bonde hilo hilo, mtoto mwingine wa miaka 6 alikatwa mkono usiku nyumbani kwao. Yote mawili yameandikwa Rukwa, na ndivyo ilivyopaswa. Ila hofu haikuishia mtoni. Mama wa Kamsamba mwenye mtoto kama huyo naye hakulala, na hofu yake haipo kwenye hesabu ya mkoa wowote.

Tena mikoa yenyewe inabadilika. Kabla ya 2012 tulikuwa Wilaya ya Mbozi, kisha tukawa Momba. Kabla ya 2016 tulikuwa Mbeya, sasa ni Songwe. Wakubwa mnakumbuka ile habari ya kuchuna watu ngozi iliyotikisa Mbozi na Tunduma kuanzia 1999. Ukiitafuta leo kwenye takwimu za Songwe huikuti, kwa sababu Songwe haikuwepo. Mkuu wa kituo anayehamishiwa hapa kesho anaweza kudhani kapangiwa mahali ambapo mambo hayo ni ya kusikia redioni tu.

Nisiwe mwizi wa fadhila, serikali haikukaa kimya. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Mheshimiwa Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi na akamwaga machozi Bungeni. Machi 2009 ikaja kura ya siri, wananchi wakaandika majina ya wanaowashuku. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14. Watoto wengi wakakusanywa kwenye vituo kama Buhangija kule Shinyanga ili wawe salama.

Lakini angalia aina ya majibu hayo. Kura ya siri ilikusanya tuhuma, haikukusanya matukio. Na nchi hii tuhuma zinaua: LHRC walikadiria karibu watu 3,000 waliuawa kati ya 2005 na 2011 kwa kushukiwa uchawi, wengi wao bibi zetu, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mtoto aliyepelekwa Buhangija amepoteza wazazi, kijiji na lugha ya kwao, lakini kwenye vitabu vya uhalifu si mhanga wa kosa lolote. Amehamishwa tu. Na adhabu ya kifo ambayo haijatekelezwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990 haimtishi mnunuzi, ambaye hata mahakamani hafiki. Anayefika ni yule mshika panga.

Mwaka 2015 ndio unaonifunza zaidi. Januari Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Februari mtoto wa mwaka mmoja akachukuliwa Chato na kuuawa. Machi ikawa Kipeta. Kila mtu akasema ni kwa sababu ya uchaguzi wa Oktoba. Inawezekana kabisa, hata wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya hivyo. Lakini ukitaka kuthibitisha kwa mwezi na kata, unajikuta unategemea orodha ya shirika, Under The Same Sun, lililoanzishwa na Mkanada mwenye ualbino, Peter Ash. Aibu iko hapo. Sensa ya 2012 iliweza kuhesabu watu wenye ualbino, ikapata 16,477. Kuwahesabu wenyewe tuliweza, kuhesabu wanachofanyiwa tukawaachia wengine.

Na tusijidanganye kwamba yameisha. Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliporwa Muleba, mwili wake ukapatikana Juni. Kati ya watu tisa walioshtakiwa walikuwemo baba yake mzazi na padri. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwemo haki ya kuishi.

Sasa tufanye nini? Mimi sidai kamera wala helikopta. Nadai mstari mmoja kwenye kitabu: "Je, mlalamikaji au shahidi anaamini tukio hili limetokea kwa sababu ya jinsi mtu alivyo?" Ndiyo au hapana. Askari aandike jibu bila kubishana. Mtendaji wa kijiji naye awe na daftari hilo, maana Kamsamba habari humfikia yeye kabla ya polisi. Wilaya zinazopakana, Momba na Sumbawanga Vijijini, zibadilishane daftari kila mwezi. Na mwisho wa mwaka hesabu itoke hadharani, ibandikwe hata kwenye mbao za matangazo za kata.

Najua wapo watakaosema daftari halizuii panga. Ni kweli, halizuii. Ila panga huja mwishoni mwa ngazi, na daftari ndilo linalotuonyesha jamaa yuko ngazi ya ngapi. Leo tunamwona akishafika juu.

Wadau wa Momba, Mbozi, Tunduma na Rukwa, mnasemaje? Kwenye kijiji chako, kaburi likifukuliwa kesho, nani ataandika, na ataandika nini?

Naomba kuwasilisha.