Kando ya mfereji panda maua, si lengalenga



Mvua ikinyesha, udongo wa kando ya mfereji unakuwa mweusi na laini. Mama akiupita anawaza: lengalenga ingestawi hapa! Ni kweli, ingestawi. Matembele na taro pia yanapenda maji. Lakini hapa Mutoshi tuulize kwanza: maji haya yametoka wapi?

Tunaishi juu ya shaba na kobalti. Mvua inafagia vumbi la barabara ya malori na udongo wa machimbo, inavileta mferejini. Maji yanaenda zake, madini yanabaki katika tope, na mboga za majani zinayavuta kwa mizizi. Vumbi la juu ya jani linatoka kwa kuosha. Madini yaliyo ndani hayatoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2018, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichoona Kasulo, hapa hapa Kolwezi: watoto wa mtaa ule wa machimbo walikuwa na kobalti nyingi mkojoni kuliko watoto wa mtaa usiochimbwa. Vumbi ni njia moja ya kuingia mwilini. Tusifungue njia ya pili katika sahani ya bukari.

Basi tugawe lupango.

Kando ya mfereji, panda kisicholiwa. Kana, lile ua la majani mapana kama ya mgomba, lenye maua mekundu au ya manjano, linapenda udongo uliolowa. Ukimega kipande cha shina lake la chini ukakizika, kinaota. Nyasi za vetiveri zinashika ukingo usibomoke. Mizizi yake inashuka hata mita 3. Usipande mti mkubwa karibu na ukuta wa mfereji, mizizi itaupasua.

Chakula kiende juu, mbali na maji hayo. Mama asiye na nafasi nyingine achukue mifuko mitatu au minne, aijaze udongo wa mbali na mfereji na barabara, achanganye mbolea ya mbuzi au ya kuku, atoboe matundu chini. Lengalenga itaota humo vizuri. Nyanya na bamia kwa kawaida hazibebi madini mengi kama majani.

Tope linalozolewa mferejini lisitiwe katika bustani, hata likionekana kama mbolea.

Na kila juma tuondoe takataka zinazozuia maji. Yai la mbu linahitaji kama siku 7 mpaka 10 katika maji yaliyosimama ili litoe mbu. Tukisafisha mbele ya hapo, tunapunguza malaria nyumbani.

Mama unayeuza mboga sokoni, haya ni yako pia. Mtoto wa mteja wako ni mtoto wetu.

Tuonane juma lijalo.