Kiti bila kura ni benchi ya kungojea



Katika kartie yetu kuko kamati ndogo ya ushauri juu ya afya ya akili. Ilizaliwa ndani ya CODESA, ile kamati ya wanainchi inayofuatilia kazi ya kituo cha afya. Wiki hii tumepewa karatasi mbili za kubadilisha kanuni zake za ndani. Tukaambiwa ni kurekebisha maneno tu. Tumesoma mstari kwa mstari: si maneno tu.

Kwanza, wagonjwa na familia zao wako na viti 4 juu ya 11, na wanapiga kura. Sasa watakuwa «waalikwa»: wataongea wakiruhusiwa, kura hapana.

Pili, ili kukata neno ilihitajika watu 6. Sasa 4 watatosha. Na watu wa biro peke yao ni 4. Fanyeni hesabu.

Tatu, ripoti haitabandikwa tena kwenye mlango wa kituo. Itaenda biro, basi.

Niliandika haya nikiwa na sababu yangu. Nimemaliza université, kazi sina, na kwetu nyumbani kuko mtu anayechomwa sindano kila mwezi. Mwaka jana dawa ilikosekana wiki tatu. Mama alienda mara tatu, akarudi mikono mitupu. Ripoti ya mwezi ule ilitaka kusema kila kitu kiko sawa. Mzazi mmoja ndani ya kamati akakataa kutia sahihi mpaka jambo la dawa liandikwe. Likaandikwa, dawa ikafika. Kwa kanuni mpya, mzazi huyo hatakuwa na sahihi ya kukataza.

Tuseme pia ukweli: mikutano mingi inavunjika juu watu hawatoshi. Lakini wengi wanaokosa wanakaa mbali, hawana pesa ya moto, na mkutano unaitishwa saa ya soko. Wabadilishe saa, waache hesabu ya kura.

Na si ndoto tunayoomba. Huko California, Marekani, sheria inadai nusu ya wajumbe wa kamati kama hizi wawe wagonjwa au watu wa familia zao. Kwetu, Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia serikali petisyo, na serikali inapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu.

Basi tunaomba: viti 4 vibaki na kura, watu 6 wabaki, ripoti ibandikwe. Petisyo iko tayari. Kura ni Jumamosi. Kuja kabla, soma karatasi wewe mwenyewe, tia sahihi, na kama kwenu kuko mgonjwa, usimfiche: kuja naye.

Mapambano yanaendelea.